Ugonjwa Tulioita Tumbo

Kihonda, Morogoro
14 Januari 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Mkweo Deogratias yuko kazini Ngerengere, anarudi nyumbani siku zake za mapumziko, na kila akirudi anauliza kama nimekuandikia. Shule tumefungua. Darasa langu la tatu lina watoto tisini na wawili. Nikimaliza kuita majina, nusu ya kipindi imekwisha. Njegere ulizompa Zuhura zilifika, nimezigawa kwa majirani wawili, nao wanakushukuru.

Nakuandikia kwa sababu simu yako unaijua mwenyewe. Mpaka upande pale kanisani ndipo mtandao ushike, na pale hapakosi watu ishirini, wote wanasikiliza. Hili si la kusemea pale. Zuhura nimemwomba, akija huko kuchukua mboga, akukabidhi barua hii mkononi mwako, asimpe hata mdogo wangu Agnes ingawa ni binti yako na mnaishi nyumba moja.

Mwezi wa kumi na moja kituo cha afya kilitangaza kupima wanawake mlango wa kizazi. Tulikwenda walimu sita, njia nzima tunacheka. Wanakupaka siki, wanaangalia kwa taa, ni dakika chache. Wenzangu watano waliambiwa vaeni nendeni. Mimi, nesi alimwita mwenzake, mwenzake akamwita daktari. Wakakata kinyama wakapeleka kupima. Majibu yametoka Jumatano. Ni saratani, Mama Mdogo. Wanasema bado ni ndogo, haijatoka mlangoni, lakini hawataacha kitu: watatoa kizazi chote, huko Dar. Nina miaka thelathini na minane na mimba mbili zilizoharibika. Basi imekuwa hivyo.

Daktari aliniuliza mama yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Nikamwambia tumbo. Akaacha kuandika, akauliza, "Tumbo gani?" Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mlikuwa mnanipeleka kulala kwa jirani. Wewe ndiye uliyemuuguza.

Tumbo gani, Mama Mdogo?

Mwanao,
Felista


Mgeta
1 Februari 2024

Mwanangu Felista,

Marahaba. Sisi tupo, mvua imetuozea maharage yote ya matuta ya chini, yamebaki ya juu kidogo. Agnes hajambo, mtoto wake ameanza kusimama. Mjomba wako Yakobo magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa.

Barua yako niliisomea shambani, katikati ya njegere, nikakaa palepale mpaka ukungu ukaja. Nimelia, sikufichi. Kisha nikawaza mambo ya kwetu, unajua sisi Waluguru ukoo unakwenda kwa mama. Wewe ndiye binti pekee wa dada yangu Regina. Shamba lake lilikuwa likikusubiri wewe, na nyuma yako binti yako. Hawawezi kungoja kidogo? Watu wameombewa wakapona.

Habari za mama yako ni za zamani. Mwache apumzike.

Ila nieleze vizuri nijue cha kukuombea. Damu yako ilianzaje? Ilikuwa ya kila siku au inakuja inakatika? Ilikuwa na harufu? Kiuno kiliuma, na mguu je? Na mtu ambaye siku zake zilikoma miaka mingi, naye wanampima, au ni ninyi wa umri wa kuzaa tu? Hiyo taa inaumiza?

Mungu akufunike.
Mama yako Mdogo,
Anastasia


Kihonda
11 Februari 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo, na pole kwa maharage. Deogratias yuko hapa wiki hii, amepaka rangi chumba bila kuombwa na mtu. Tangu nimwambie amekuwa akitafuta vitu vya kufanya kwa mikono.

Nakujibu yote. Damu yangu ilikuwa kidogo, na ilitoka baada ya kukutana na mume wangu; nilidhani ni uchovu. Haikuwa na harufu. Kiuno hakikuuma. Nesi alituambia kwamba ikifika kutoa harufu, na kiuno na mguu kuuma, huwa imeshakaa muda. Na wale ambao siku zao zilikoma ndio kabisa wasingoje: damu ikitoka hata tone moja waende. Taa haiumizi. Aibu ndiyo inauma, nayo inaisha ukishashuka kitandani.

Kungoja hakuna. Daktari amesema leo ni ndogo, hawezi kuniahidi itakuwa ndogo mwezi wa sita. Nitalazwa tarehe tatu Machi, nitapasuliwa tarehe tano. Deogratias na walimu wenzangu wawili wamekwenda kuchangia damu. Kuhusu binti wa kurithi shamba, nimelala na wazo hilo wiki nzima, na naomba usiniandikie tena.

Hujanijibu kuhusu mama.

Felista


Mgeta
20 Februari 2024

Mwanangu,

Nisamehe kwa maneno ya shamba. Ni woga uliosema. Nenda mwanangu, watoe wanachotoa, urudi.

Nimemwomba Padre akuwekee misa tarehe tano. Sikumwambia kwa nini, nimesema safari. Sitaweza kuja Dar kukuuguza, shamba lina kazi nyingi na mimi siku hizi nachoka. Agnes alitaka kuja, nimemkatalia, mtoto wake bado mdogo.

Mama yako alikuwa mwanamke jasiri kuliko mimi. Hilo ndilo nitakalosema.

Anastasia


Kihonda
30 Machi 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nipo. Naandika nimelala ubavu, mwandiko utauvumilia.

Walitulaza wanawake sita chumba kimoja. Siku ya kwanza ni sindano na karatasi za kutia sahihi. Nilitia yangu, Deogratias akatia yake chini, akaharibu jina, wakamletea karatasi nyingine. Siku ya pili walinisafisha tumbo kwa dawa nikawa mtupu kabisa, wakaninyoa, wakanivika soksi ndefu za kubana miguu. Asubuhi ya tarehe tano nilivua pete nikampa Deogratias. Aliivaa kwenye kidole chake kidogo. Nilipoamka saa nane mchana alikuwa bado ameivaa, na jambo la kwanza nililosema, eti, ni "Watoto wamekula?" Nesi akauliza watoto gani. Deogratias akamjibu, "Ni mwalimu."

Walitoa kizazi, mlango wake, mifuko ya mayai na matezi ya pembeni. Kovu linatoka kitovuni mpaka chini. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla ni mkojo. Nilikaa na mpira siku kumi na nne, na walipoutoa sikuhisi chochote, kibofu kimelala usingizi. Sasa nakojoa kwa saa, kila baada ya saa tatu, ninakaa ninajikamua. Halafu joto. Linapanda kifuani mpaka usoni, nalowa nguo huku dirisha liko wazi. Daktari amesema nimeingia uzeeni kwa siku moja. Nisibebe hata ndoo ndogo kwa wiki nane.

Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Turiani, Mwanaasha, umri wako. Alivuja damu mwaka mzima akinywa mizizi. Tuliingia chumba cha upasuaji siku moja. Mimi walinikata kwa saa nne nzima. Yeye walimfungua, wakaangalia, wakamfunga. Alipozinduka aliuliza, "Wametoa?" Binti yake akasema ndiyo. Wote chumbani tulijua si kweli, na wote tulinyamaza. Namuwaza kuliko ninavyowaza kidonda changu.

Majibu ya matezi bado.

Nisalimie Agnes. Niandikie hata mistari miwili.

Felista


Mgeta
26 Mei 2024

Mwanangu Felista,

Barua yako ya Machi imenifikia wiki iliyopita. Mlima uliteremka barabarani mara mbili, magari hayakupanda, kabichi zimeozea mashambani ukipita unaziba pua. Zuhura alikuja kwa miguu toka chini, barua ameifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kilemba. Mpe heshima yake dada yule.

Nashukuru Mungu uko hai. Njegere za mwaka huu ni chache lakini nzuri. Mjomba Yakobo amechimbiwa choo kipya cha kukaa kwa sababu ya magoti, sasa anatembeza wageni kukiona. Agnes anauza ndizi pale njiani.

Yule mama wa Turiani, Mwanaasha, uliwahi kusikia habari zake? Mwaka mzima ulisema? Si miezi minane au saba?

Barua yako ile ulimtaja Deogratias. Sasa ni miezi miwili. Hajambo? Mko vizuri? Mama yake kule Kingolwira alipokeaje?

Mimi ni mzima.

Anastasia


Kihonda
9 Juni 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Majibu ya matezi yametoka, yote safi. Hakuna mionzi, ni kurudi kupimwa kila miezi mitatu. Nilidhani nitaruka. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni mpaka wali ukaungua.

Umeuliza habari za Kingolwira, na nilikuwa sikuambii kwa makusudi. Deogratias alinihudumia, alinikogesha, alinishika mkono chooni. Lakini kwao aliwaambia nimetolewa uvimbe tu, kizazi kipo. Aliniomba nisiseme mpaka apate namna. Nikakubali, nami nikawa mwongo pamoja naye kwa miezi mitatu.

Jumapili iliyopita mama yake alikuja na chupa ya dawa, maji meusi, ameifunga kwa kitambaa safi.

"Kunywa mwanangu, asubuhi na jioni. Uvimbe umeshatoka, sasa mimba itakaa."

Nikamtazama Deogratias. Alikuwa anachunguza kucha zake. Nikaona nikiipokea hiyo chupa leo nitaipokea mpaka nife.

"Mama," nikasema, "mimi sina kizazi. Walikitoa chote. Ilikuwa saratani."

Akamgeukia mwanawe. "Deo. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Tangu mwezi wa tatu nafunga kula kila Ijumaa nikiombea kitu ambacho hakipo?"

Alisimama akatoka na chupa yake, akaimwaga kwenye mchicha wangu, akaondoka bila kunywa chai. Deogratias alilia, si kwa sauti, alilia akiwa anaosha vikombe. Siku nne baadaye mama yake akarudi. Aliingia chumbani akakusanya nguo zangu chafu zote, hata zile za ndani ambazo mkwe hafui, akazifua na kuzianika. Wakati wa kuaga akasema, "Ungeniambia, nisingekuchosha na dawa." Sijui kama ni msamaha. Ila sasa naweza kulala.

Nimekuandikia haya yote ili nawe uniandikie yako. Zuhura anasema umekonda. Anasema siku hizi unamuuzia njegere umekaa, umekunja gunia umelikalia, huinuki kuhesabu debe wala kumsindikiza. Anasema ulivaa khanga mbili na sweta jua likiwaka.

Una nini, Mama Mdogo?

Felista


Mgeta
20 Juni 2024

Mwanangu,

Nimefurahi kwa matezi. Mama mkwe wako ni mtu mzuri, mshike.

Zuhura ana mdomo. Nimekonda kwa kazi, na huku ni baridi mwezi huu, unajua. Karoti tumepanda juzi. Usijisumbue na mimi, jitunze kidonda chako.

Anastasia


Kihonda
24 Juni 2024

Mama Mdogo,

Leo sina salamu.

Unatoka damu? Nijibu ndiyo au hapana. Zuhura nimemwambia asishuke huko bila karatasi yako.

Felista


Mgeta
27 Juni 2024

Felista,

Ndiyo.

Zuhura amekaa mlangoni anasubiri, amekataa hata uji, kwa hiyo nitaandika yote sasa hivi, nikiacha nitapata ujanja mwingine.

Ilianza Oktoba mwaka jana. Nilidhani siku zangu zimerudi, nikacheka peke yangu, nikasema Anastasia unakuwa msichana. Kisha haikukatika. Nimechana khanga zangu za zamani zote. Nazifua mtoni kabla watu hawajashuka kuchota maji. Kiuno kinauma, na tangu Pasaka mguu wa kushoto umevimba. Harufu nayo imekuja, ndiyo maana ya khanga mbili. Agnes nimemwambia ni tumbo.

Barua yako ya kwanza ilinikuta na miezi mitatu ya damu. Yale maswali niliyokuuliza hayakuwa ya maombi. Ulinijibu moja moja, na nilipomaliza kusoma nilijua kila kitu. Nilijua tangu Februari, Felista. Nilijisemea ngoja kwanza mtoto apasuliwe, akisikia ataacha kitanda chake aje kushika changu. Hiyo ni sehemu ya ukweli. Sehemu nyingine ni kwamba niliogopa ile taa. Niliogopa mtu kuangalia na kumwita mwenzake.

Sasa mama yako. Ilikuwa hivihivi. Regina alianza kutoka damu wakati wa kupalilia, mwaka tisini na saba. Alikwenda hospitali ya misheni peke yake, akarudi na karatasi ya kumpeleka Dar. Ilikuwa imeandikwa, saratani ya mlango wa kizazi. Alinipa mimi nimpelekee kaka yetu Yakobo, maana ndiye mkubwa wa lukolo letu, ukoo wetu wa upande wa mama, na bila yeye kusema ndiyo hakuna ambaye angeondoka. Yakobo aliisoma, akaikunja, akasema, "Tuvune kwanza." Nikarudi nikamwambia dada, tuvune kwanza. Tukavuna. Alipokwisha kuvuna hakuweza tena kusimama. Wanawake wa jumuiya walikuwa wanakuja kusali, baadaye wakawa wanasali nje, baadaye hawakuja. Nilichoma ubani kutwa. Wewe tulikupeleka kwa jirani usisikie harufu ya mama yako.

Siku moja alinishika kifundo cha mkono, akasema, "Wakiuliza, sema tumbo. Felista asije akachekwa shuleni." Nikamwahidi. Nimeitunza ahadi hiyo miaka ishirini na sita, na umeona ilitaka kukufanya nini. Kama ungejua, ungekwenda kupimwa ukiwa msichana. Ulipona kwa bahati ya tangazo.

Nisamehe ukiweza. Usije huku juu, hujaruhusiwa kupanda milima.

Anastasia


Mgeta
6 Oktoba 2024

Mwanangu Felista,

Tangu uliponifuata Julai hatukuwa na haja ya barua, tulikuwa chumba kimoja huko Dar. Nimerudi nyumbani salama. Pale gari linapoishia Deogratias alinibeba mgongoni mpaka mlangoni, watoto wakatufuata wakicheka, nami nikacheka. Mwambie mgongo wake una mifupa mingi.

Ulikuwepo daktari aliposema kisu hakifai tena, saratani imefika ukuta wa nyonga na figo moja limeziba. Uliniona nikitikisa kichwa kana kwamba nimeambiwa bei ya karoti. Basi nikuambie, niliyasikia vizuri. Zile wiki tano za mionzi zimekata damu na harufu imeondoka, na kwa hilo peke yake nashukuru, nimeingia tena kanisani na kukaa katikati ya watu. Lakini maumivu yamerudi upande wa mgongo. Ile dawa ya maji ya maumivu nakunywa kijiko kama ulivyoniandikia. Sitashuka tena Dar. Usinibembeleze.

Agnes nimemwambia yote, nikampeleka mwenyewe zahanati siku wauguzi walipokuja. Nililala kidogo kwenye benchi nikimsubiri. Walimkuta na weupe mdogo tu, haujawa saratani, wakauchoma palepale, akarudi mchana kuchambua njegere. Amekasirika nami sana. Hasemi, lakini anapanga sahani kwa nguvu. Ana haki.

Shamba la Regina ni lako. Nimemwita mjomba Yakobo na wazee wa lukolo wakakaa hapa uani. Mmoja akauliza, "Na baada ya Felista nani?" Nikamwambia Felista atasema mwenyewe, kinywa anacho. Wakaridhika au wakachoka, sijui.

Nina ombi moja. Siku ile itakapofika kutasomwa wasifu wangu pale kanisani. Nimehudhuria mazishi mengi, nimesikia wasifu nyingi. Wanawake wote waliugua kwa muda mrefu, wakapelekwa hospitali mbalimbali, Mungu akawapenda zaidi. Sitaki wa aina hiyo. Wangu uandike wewe. Uandike sasa niuone, niusahihishe.

Anastasia


Kihonda
20 Oktoba 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimerudi darasani, nafundisha nimekaa. Mguu wangu wa kulia umeanza kuvimba jioni, wanasema ni kwa sababu ya matezi yaliyotolewa, nauweka juu ya stuli. Mama mkwe anakuja kila Jumamosi. Mwanaasha wa Turiani alifariki Agosti, binti yake alinipigia. Sikukuambia tulipokuwa Dar.

Karatasi yako nimekaa nayo siku tisa. Nilimwambia Deogratias siandiki, hakuna mtoto anayeandika kitu hicho mama yake akiwa hai. Akaniuliza, "Nani mwingine amwandikie?" Jana nimejaribu. Neno marehemu nimeshindwa kuliandika, na tarehe nimeacha wazi. Hii hapa:

*Anastasia alizaliwa Mgeta mwaka 1965, mtoto wa tatu katika familia ya watoto watano. Alisoma mpaka darasa la saba. Mwaka 1989 alifunga ndoa na Paulo, ambaye alitangulia kufariki. Alijaliwa mtoto mmoja, Agnes. Alimlea pia Felista, mtoto wa dada yake. Alikuwa mkulima hodari wa njegere na kabichi. Aliugua saratani kwa muda mrefu, akatibiwa Dar es Salaam, na tarehe ……… alilala.*

Nikifika hapo naweka kalamu chini. Sahihisha, Mama Mdogo, lakini usiharakishe. Shule zikifungwa nakuja, nitakaa mpaka utakaponifukuza. Kuhusu kukusamehe, uliuliza Juni na sikujibu. Kuna siku nimekusamehe na kuna siku sijakusamehe, na siku zote mbili nakupenda.

Felista


Mgeta
3 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa vipande, sentensi moja asubuhi, nyingine mchana, usishangae wino kubadilika.

Mungu amlaze Mwanaasha. Ulifanya vizuri kutoniambia, na ukafanya vizuri kuniambia.

Wasifu nimeusoma, mwandiko wako mzuri. Una makosa. Ndoa ilikuwa mwaka 1990, mwaka 1989 Paulo alikuwa bado anazungushwa na baba yangu. Watoto ni wawili. Andika Agnes na Felista, ukate hayo maneno ya alimlea pia. Kabichi sikuzipenda kamwe, andika njegere.

Umeandika muda mrefu. Si kweli, ni mwaka mmoja na kidogo. Muda mrefu ni ule niliokaa kimya, huo ndio uandike. Na umeandika saratani ukaishia hapo. Saratani ya wapi? Ya mlango wa kizazi. Liandike lote. Useme pia kwamba dada yangu Regina alikufa kwa hiyo hiyo, na kwamba siku hizi kuna kipimo cha dakika chache, na binti yangu mmoja kimemwokoa kwa kisu na mwingine bila kisu.

Nilimsomea mjomba Yakobo. Akasema hayo si maneno ya kutamkwa mbele ya watu. Nikamwambia, "Kaka, nitakuwa nimelala mbele ya watu hao hao, nadhani ninayo ruhusa." Kisha akasema, "Ile karatasi ya Regina ninayo bado." Sikujua. Ameitunza miaka yote hiyo. Amesema atakupa wewe.

Padre amekubali. Mwenyekiti wa jumuiya atataka ausome yeye, maana ndiye husoma siku zote. Usimpe. Usome wewe mwenyewe, usimame, na usitumie sauti ya kilio. Tumia ile ya darasani, ya watoto tisini na wawili. Wanawake hukaa nyuma.

Mama yako,
Anastasia